Sungura Hajasajiliwa

Mtoto wa kule Litapunga anakutajia kikosi cha Simba na cha Yanga, wa benchi wakiwemo, kabla hujamaliza kumuuliza jina la mwalimu wake. Mtafutie sasa kitabu cha hadithi. Utampa nini? Sungura na Fisi, msimu mwingine tena. Tarehe 1 Machi 2020 Mtanzania mwenzetu Mbwana Samatta alifunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, timu yake Aston Villa ikilala 2-1 kwa Manchester City. Waandishi wetu wa watoto walikuwa wapi? Labda walikuwa wakimfundisha sungura adabu. Na anayethubutu kuandika hadithi ya chandimu, ukurasa wa pili mpira unanyang'anywa, wa tatu baba anahubiri masomo. Jamani, mwacheni mtoto apige hata penalti moja kwanza!