Betri Kwapani

Ukinikuta saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye malisho ya shosho, Tetu, mkono mmoja umebana ubavu, usinipe pole. Si jipu, ni betri. Betri ya lithiamu ikipigwa na baridi ya huku hulegea, basi huipasha joto kwapani kabla ya kurusha ndege. Ningengoja jua, lakini jua likipanda na upepo wa mlimani nao huamka.

Ndege yenyewe ni ya sponji, kilo moja na nusu. Nimeisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kama kanuni za 2020 zinavyotaka. Kuku wa shosho hawajaziona hizo kanuni. Nikiirusha tu, mama kuku hupiga yowe la mwewe na vifaranga hupotelea chini ya ghala.

Kupima kasi kuna utaratibu wake: unaipeleka kuelekea mlimani, unairudisha njia ile ile, unachukua wastani ili upepo usikudanganye. Kwenda, mita 8 kwa sekunde, kurudi, 16. Jirani aliyekuwa akikamua ng'ombe alitazama raundi tatu, akatoa ripoti yake: “Ikitumwa inavuta miguu, ikirudi nyumbani inakimbia. Hiyo imenusa chai.”

Kilichoninyima usingizi ni muda wa kukaa angani. Kwa binamu yangu Likoni, ufukweni kabisa, ilikaa dakika 31. Tetu, 27. Nikabadilisha rafadha. Nikaifungua mota, nikaifunga, skrubu moja ikabaki mkononi (hadi leo sijui ilitoka wapi). Dakika 27.

Jioni nikamlilia shosho, naye anachochea githeri iliyokuwa motoni tangu saa nane.

“Binamu yako akipika maharagwe huko Mombasa, yanachukua muda gani?”

“Huko yanaiva haraka, shosho. Hapa tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya tano. Maji yanachemka yakifika nyuzi 93 tu.”

“Kumbe unajua.”

“Najua ya sufuria.”

“Na hiyo ndege yako inajishikilia kwa nini huko juu, kwa supu?”

Nikanyamaza. Mabawa yanaegemea hewa. Hewa ikiwa nyepesi, lazima ndege ikimbie zaidi ndipo isianguke, na mbio hizo hulipwa na betri.

“Lete kuni,” akasema, “na utoe hicho kitu kwapani kabla hujakaribia moto wangu.”