"Fundi, Nipigie Windows, Hamna Kitu Humo"

Jamani, hivi binadamu tukoje? Mtu anaingia kwa fundi wa kompyuta, anatua laptopu mezani, anafuta jasho: "Fundi, nipigie Windows, inasumbua." Fundi keshaona mengi, anauliza kwa upole: "Bosi, humu kuna kitu cha maana?" Bosi anatazama saa. "Hamna kitu, we futa tu." Mnamjua huyo bosi. Kila mtaa unaye, na kila mtaa ushamwona akirudi jioni yake, macho mekundu: "Fundi, lile faili langu lililokuwa pale mbele liko wapi?" Faili gani tena? La utafiti wa chuo, limebaki kupelekwa kuchapwa na kutiwa jalada! Loo! Mie nasonya mpaka ulimi unauma.

Tuelewane hapa, maana ndipo watu wanapoangamia. Ile Desktop unayoiona ukiwasha kompyuta haielei hewani. Kwa kawaida inakaa ndani ya diski C, na C ndiko Windows yenyewe inakokaa. Documents humo humo, Downloads humo humo. Fundi akifomati C, vyote hivyo vimekwenda na maji. Watu wanadhani kitu kikiwa mbele ya macho kiko salama! Halafu kuna wajanja waliogawa diski wakapata C na D, wakaweka picha za harusi D, wakalala usingizi. Ni kweli kwamba Windows ikiharibika, D inaweza kubaki nzima. Lakini C na D kwenye laptopu nyingi ni chuma kimoja kilichogawanywa kwa mstari. Chuma kikifa, mstari nao umekufa. Bakapu inakaa nje ya mashine: kwenye diski ya nje, kwenye mtandao, kwa shangazi, popote pale ila si humo humo.

Na ukishanakili, fungua! Mh! Hapa ndipo hata wakubwa wanapoteleza. GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu dunia nzima, usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alikuwa anahangaika na hitilafu, kachoka, akatoa amri ya kufuta kwenye seva isiyo yenyewe. Alipogutuka, gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Haya, leteni bakapu! Wakakimbilia njia tano walizokuwa wameziandaa, hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi ya kutegemewa. Programu ya kunakili ilikuwa inashindwa kila siku kwa sababu toleo lake halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Njia tano, jamani! Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi saa sita hivi kabla ya balaa, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo sita ikapotea. Nawapa heshima kwa kitu kimoja: walilitangaza lote hadharani, wakarusha video ya uokoaji watu wakitazama. Sisi huku mtu akipoteza hesabu za ofisi anasema kirusi kimekula.

Eeh, virusi! Hebu nizungumze na nyie wenzangu wa flashi. Flashi inaingia steshenari kuchapisha kurasa mbili, inatoka imegeuza mafolda yote kuwa njia za mkato. Mwenyewe anabofya, anabofya tena, kisha anaipachika kwenye kompyuta ya ofisi "aone kama huko itafunguka". Aka! Mafaili mara nyingi yamo, yamefichwa tu, na fundi mwenye subira anayarudisha. Lakini kile ulichokuwa unakibofya kwa bidii kilikuwa kinaita programu ya kirusi chenyewe.

Bado sijamaliza. Windows imepigwa, inadai leseni. Basi hapo inaletwa ile programu ya kuikraki, na maelekezo yake huwa yanaanza hivi: kwanza zima antivirusi. Mtume! Mgeni anabisha hodi saa nane za usiku, anakwambia mfunge mbwa kwanza ndipo niingie, na wewe unakwenda kumfunga! Mwaka 2021 watafiti wa usalama walikamata nakala za bandia za KMSPico, mojawapo ya programu hizo za kukraki, zikiwa zimebeba Cryptbot, programu ya kuiba pasiwedi na pochi za fedha za kidijitali. Mtu kakwepa kununua leseni, kakabidhi funguo za nyumba.

Kama fedha ya leseni hakuna, si aibu, wengi hatuna. Ubuntu ipo, ya bure kwa halali, imeanza mwaka 2004, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Matoleo yake ya muda mrefu hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Barua unaandika, hesabu unapiga, mtandaoni unaingia. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisimika, uone kama Wi-Fi, sauti na printa vinaitikia. Ila faili lake la kusimikia lichukue kwenye tovuti yao wenyewe, usichukue kwa mtu aliyepewa na mtu.

Tuje kwenye apdeti. Hapa kila mtu ana kesi. "Inakula bando." Kweli inakula. "Inachelewesha." Kweli. "Umeme ulikatika katikati, haikuwaka tena." Hilo nalo tumeliona, kompyuta ya mezani bila UPS inaachiwa apdeti siku ya mgao wa umeme! Lakini kuzizima kabisa mwaka mzima? Mwezi Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja kubwa la Windows. Tarehe 12 Mei, programu hasidi iitwayo WannaCry ikapita kwenye tundu hilo hilo ikifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa Bitcoin. Hospitali za umma za Uingereza zilitikiswa. Miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 inakadiriwa kufutwa. Kiraka kilikuwapo karibu miezi miwili! Watu walikuwa wanabonyeza "nikumbushe baadaye".

Nikisema hivyo mtaniletea ya Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilipotoa apdeti mbovu, mashine zinazokadiriwa kufika milioni 8.5 zikageuka bluu na ndege zikalala viwanjani. Ni sawa, ndiyo maana ofisi yenye kompyuta thelathini haiapdeti zote kwa mkupuo. Anza na mbili zisizo za mhasibu, ziangalie siku chache, kisha endelea na nyingine. Na unapobadilisha kitu, andika kwenye daftari: tarehe, mashine, ulichogusa. Fundi akihama mji, ofisi nzima inabaki inaulizana pasiwedi ya seva! Mbona hilo kila mtu kaliona?

Na wewe uliyebaki na Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Usikimbilie kwa fundi kesho asubuhi. Leo jioni tafuta diski ya nje, nakili vyako vyote, kisha fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta ya jirani uhakikishe yanasomeka. Ukimaliza hapo ndipo uende, na fundi akikuuliza kama humo kuna kitu cha maana, usitazame saa, mjibu.