Mjomba Aomba Kuingia Gerezani

Mjomba wa Temeke hakuvuka bahari kwa ajili ya sanaa. Mpwa wake, binti anayesoma chuo Unguja, alimwambia kwenye simu kuwa angempeleka kuona gereza la kale, na mzee akaanza kutafuta kanzu yake safi kabla simu haijakatika. Habari za magereza anazipenda: nani alifungwa, kwa kosa gani, alitorokaje. Boti ilimyumbisha hadi akairudisha chai yote ya asubuhi, lakini hayo tuyaache.

Ngome Kongwe iko Forodhani, Mji Mkongwe, kuta zake zimeelekea baharini. Kabla mpwa hajafika, Mjomba alikwisha zungukwa na papasi watatu, wale vijana wanaowinda watalii, kila mmoja na historia yake mfukoni. Wa kwanza alisema ngome yote ni kazi ya Wareno. Wa pili akasema ni ya Sultani Barghash. Wa tatu, aliyeona wenzake wamekwisha uza kilichopo, akatoa handaki linalopita chini ya bahari hadi kisiwa cha Changuu. Mjomba alimlipa huyo wa tatu.

Ukweli hauna handaki, ila una utamu wake. Mwanzoni mwa karne ya 17 hapo palikuwa na kanisa la Wareno. Waomani walipoitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, utawala wa Wareno katika pwani hii ulivunjika, Unguja ikaponyoka pamoja na sehemu nyingine, na papo kwenye kiwanja cha kanisa ikainuliwa ngome. Mabaki ya kanisa bado yanaonekana ndani ya kuta kwa mwenye kujua pa kutazama. Barghash alijenga jirani, Beit al-Ajaib, mwaka 1883. Jumba hilo la fahari lilianguka sehemu yake Desemba 2020, ilhali ngome iliyolitangulia kwa karibu karne mbili bado imesimama, tena bila kushukuriwa na mtu.

"Shikamoo Mjomba," mpwa alifika akihema.

"Marahaba mwanangu. Selo ziko wapi?"

Hapo ndipo safari ilipoanza kuharibika. Ndani ya lango Mjomba alikuta maduka ya vinyago, michoro ya Tingatinga, mkahawa, uwanja wa majani, na ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara kuzunguka jukwaa. Selo hakuna. Mnyororo hakuna. Hata mlinzi mkali hakuna. Aliyekuwepo alikuwa amelala kivulini, kofia usoni.

Mpwa akajitahidi kuokoa jahazi. Akaeleza kuwa katika karne ya 19 hapa palikuwa gereza kweli, na waliohukumiwa kifo waliuawa nje tu ya ukuta wa mashariki. Mjomba akachangamka. Kisha, akaendelea binti, mwanzoni mwa karne ya 20 ngome ikageuzwa bohari la reli ya kwenda Bububu. Mjomba akapoa kidogo. Halafu mwaka 1949 ua ukatengenezwa, ukawa klabu ya tenisi ya wanawake.

"Ya nini?"

"Tenisi, Mjomba. Ya akina mama."

Mzee alilitazama lile eneo kwa muda mrefu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 tenisi nayo ikafa, pakabaki patupu, mpaka miaka ya 1990 palipojengwa jukwaa hilo la wazi. Kanisa, ngome, gereza, bohari, tenisi, muziki: hakuna mtumishi wa serikali Unguja aliyehamishwa idara mara nyingi namna hiyo.

Kwa kumfuta machozi, mpwa alimpeleka hadi jengo la zamani la Mahakama Kuu, lile lenye kuba alilolichora msanifu J. H. Sinclair. Hapo mahakama ilibaki mahakama kwa miongo mingi; gereza ndilo lililostaafu mapema. Na Changuu je, kisiwa cha yule papasi? Gereza lilijengwa huko mwaka 1893, lakini halikuwahi kufungiwa wahalifu. Likawa karantini ya wasafiri, na leo wenyeji mashuhuri wa kisiwa ni kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli. Mjomba alipoambiwa hivyo alisema Unguja hawako makini na kufunga watu.

Usiku ulikuwa na onyesho la taarabu ngomeni. Jukwaa hilo limezoea wageni: tamasha la filamu la ZIFF lilianza 1998, na Sauti za Busara ilianza 2004 na huja kila Februari, sharti lake wanamuziki wapige na kuimba papo hapo, pasiwe na mtu wa kutingisha midomo juu ya kanda. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha. Gereza halikuwahi kufungwa kwa kukosa wateja.

Mjomba alifungwa utepe mkononi, akaingia, akakaa juu ya jiwe. Jiwe lilikuwa bado na joto la mchana. Saa mbili zikapita bila wimbo, harufu ya mishikaki ikivuka ukuta kutoka bustani ya Forodhani. Akatoka. Utepe ulimwasha, akaukata kwa meno ili anawe vizuri, akala mishikaki, akanywa juisi ya miwa, akarudi langoni akijifuta mdomo.

"Mzee, bila utepe huingii."

"Mwanangu, hili si lilikuwa gereza? Tangu lini gereza likamkataa mtu?"

Kijana mlinzi wa lango hakucheka. Kuta zilizowashinda Wamazrui wa Mombasa karne ya 18 hazikuona sababu ya kumwonea huruma mtu wa Temeke. Simu ya mpwa ilikuwa inaita bila kupokelewa. Mjomba alikuwa akikagua urefu wa ukuta kwa macho ya mtu aliyesahau umri wake, gari la kikundi cha taarabu likafika, wakaanza kushuka watu wenye fidla, udi na ganuni. Kijana mmoja alikuwa akihangaika na besi ndefu kuliko yeye.

"Ami, hebu nishikie huku chini."

Mjomba akashika. Kanzu anayo, kofia anayo, mvi anazo. "Wapisheni wanamuziki!" akapaza sauti yule yule mlinzi.

Njia ya wanamuziki haikupita kwa watazamaji. Alipotua mzigo alikuwa katikati ya jukwaa, kati ya ganuni na akodiani, kiti kimoja kitupu nyuma yake, taa zikawaka. Akakaa. Mpwa, aliyekuwa amemshikia nafasi na soda, alimwona na kuanza kurekodi.

Wimbo wa pili ulipokolea, mama mmoja mwenye dhahabu mikono yote alipanda akicheza, akamtunza mwimbaji, kisha akamhurumia mzee aliyekaa kimya bila ala. Akamwekea noti ya elfu kumi juu ya kofia. Vigelegele. Mjomba akaikunja taratibu kuelekea mfukoni.

Mwenye besi akamwinamia bila kuacha kupiga. "Ami, tunzo ni za kikundi."

"Na kubeba besi?"

"Kubeba besi ndiyo kiingilio."