Trekta Langu na Betri Zake Nne

Mwenyezi Mungu alipoujaalia mji wa Mwanza majabali hakuyapima kwa mizani ya bahili: mengine yamebebana vilimani kama mtu na mwanawe, mengine yameingia ziwani mpaka Jiwe la Bismarck likawa ndilo uso wa mji katika kila picha, na yaliyokosa nafasi penye fahari yakaja kujikalia katika kiwanja changu cha Nyegezi. Katika mji wa namna hii mwenye akili timamu hununua fyekeo. Mimi, nilipostaafu ukarani na kukabidhiwa kiinua mgongo changu, sikuona insafu kutumia fedha yenye jina hilo kununua chombo cha kuinamia; nikanunua trekta dogo la kukatia nyasi, lililokwisha tumika Ulaya, lenye kiti, usukani na taa mbili.

Trekta lile halikuwa na aibu ila moja, nayo ni kwamba halikuwaka. Fundi wa umeme wa magari alilitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, betri imekufa." Nikashuka mjini, nikamwomba mwenye duka betri ya kudumu, itakayonizika mimi; naye akazitazama mvi zangu, akanipa ile iliyokuwa karibu na mkono wake. Ilikuwa inang'aa, imebandikwa picha ya simba, nami nikamsifu simba wala nisitazame tarehe iliyopigwa chapa ubavuni. Masika hayakwisha ila nayo imekwisha. Ndipo nilipoelimishwa kwamba betri ya risasi na tindikali hujipunguza moto yenyewe hata isipoguswa na mtu, na kwa haraka zaidi penye joto. Ikiachwa hivyo muda mrefu, mabamba yake hugandwa na chumvi ngumu isiyokubali tena kuchajiwa. Simba wangu alikuwa amekaa zaidi ya miaka miwili juu ya rafu, chini ya bati linalowaka jua. Laiti ningaliisoma tarehe na kuomba ipimwe mbele yangu, maana betri iliyoshiba husoma volti 12.6 au karibu yake, na inayosoma 12 iko hoi, hata ikipambwa kwa simba saba.

Ya pili ilikuwa betri ya maji, yenye matundu sita na masharti mengi. Fundi aliniusia kwamba maji yakipungua, mabamba yasiachwe wazi, bali niongeze maji ya betri, yaani yale yaliyokenekwa. Mimi nikajiuliza ni ujinga gani wa mtu kununua chupa ya maji ilhali mbele ya mlango wake lipo ziwa kubwa kupita yote barani Afrika, tena la maji baridi. Hata hivyo kwa hadhari niliyachemsha maji ya ziwa, nikayachuja kwa kanga mara tatu, nikaijaza betri kwa taadhima kama anyweshaye mgonjwa. Fundi aliposikia hayo aliweka spana chini ili acheke vizuri. Akanieleza kwamba madini yaliyomo majini hayatoki kwa kuchemsha wala hayazuiwi na kanga. Kinachoondoka ni mvuke, nayo yakabaki yamezidi ukali, tayari kuyaharibu mabamba.

Nikanunua ya tatu, betri kavu isiyofunguliwa, ili nisipate pa kutia maji wala ujinga. Ilikaa salama mpaka mwezi ulipozama na siku za giza zikaingia ziwani, ambazo ni sikukuu ya wavuvi wa dagaa, kwa kuwa dagaa hukusanyika penye taa pale tu mbalamwezi isipowashindania. Zamani wavuvi walibeba karabai; siku hizi wengi hubeba taa za betri, na miongoni mwao yumo mpwa wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Salama?"

"Salama, mjomba. Nimeiona betri yako imelala tu, na ziwani kuna giza. Niazime, nayo ikatafute riziki."

Hoja ile ilikuwa na mantiki, nami sikuwa na jibu. Siku ya nne akairejesha, na sado moja ya dagaa juu yake. Betri ilisoma volti kumi. Fundi akaniambia kwamba betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi na membamba, hutoa moto mwingi kwa sekunde chache, kisha injini huirudishia; bali ya taa hutengenezwa kwa mabamba mazito, yanayostahimili kunyonywa polepole usiku kucha. "Wewe, Mzee, umemtwika mkimbiaji wa mita 100 gunia, ukamtuma Magu." Dagaa wale tuliwala kwa ugali siku mbili, na naungama kwamba walikuwa watamu, lakini sijapata kusikia dagaa wa bei ile.

Kwa betri ya nne niliingia chuoni upya. Mfaransa Gaston Planté aliibuni betri ya risasi mwaka 1859, na tangu hapo haijaomba makuu: ishibe, isafishwe, isitikiswe. Nikaichaji kila mwezi kwa chaja ndogo, nikaikaza kwa mkanda, nikaifungua waya wa hasi kwanza kila nilipoigusa, nikaufuta ule unga mweupe wa kwenye vichwa vyake kwa magadi na maji, nikavipaka grisi. Mpwa wangu alipokuja kusalimu, niliketi juu ya betri.

Ikafika siku ya kukata nyasi, ambazo katika miezi yote ya uuguzi ule zilikuwa zimefika kiunoni. Nikageuza ufunguo mara moja tu, trekta likanguruma, majirani wakatoka nje, nami nikawapungia mkono kama gavana. Nilikwenda hatua kumi. Kisha ukasikika mlio wa chuma juu ya jabali, jabali lile ambalo nimelijua tangu nijenge, ila kwa nyasi zile sikuliona. Kisu kikapinda, mhimili wake ukakatika, na trekta likanyamaza.

Fundi alikuja, akaingia chini yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakunitazama usoni. Alichukua kipimo chake, akakigusisha kwenye betri, akatabasamu.

"Mzee, betri ni nzima kabisa," akasema. "Hii ndiyo itakayotuzika."