Ubao wa Chiriku na Chapati za Harusi

Mwenzangu uliyeoa, ukazaa na ukapanga nyumba yenye korido nyembamba, utanielewa upesi. Katika korido yetu umelazwa mlingoti. Urefu wake unazidi mita mbili, umeegeshwa juu ya misumari usawa wa bega, na anayetoka chumbani usiku kwenda msalani huupapasa kwanza ndipo apite. Tanga liko juu ya kabati la vyombo, limeviringishwa kwenye bomba la plastiki, kwa sababu tanga la mashindano halikunjwi kama shuka. Likishika makunyanzi halikai sawasawa kwenye upepo. Usukani uko nyuma ya mlango wa chumba cha wageni. Mashua yenyewe inalala klabuni, ufukweni, lakini vifaa vyake vinalala kwetu.

Mwenye mali hiyo ni binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye tunamwita Chiriku. Huanza kuzungumza kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, na anaweza kusimulia ugomvi wa darasani tangu chai ya asubuhi mpaka usingizi umchukue. Kitu pekee kinachomnyamazisha ni upepo. Akishika kamba ya tanga ananyamaza kabisa, macho juu, na mimi niliyeko ufukweni nashindwa kumtambua mwanangu.

Chombo chake ni kile kidogo cha watoto kinachoitwa Optimist. Alikibuni Clark Mills, fundi wa mashua wa Florida, Marekani, mwaka 1947, alipoombwa atengeneze mashua ya mbao nyepesi ambayo wazazi wa mji wa Clearwater wangeweza kuwajengea watoto wao kwa gharama ndogo. Jina lilitokana na klabu ya hisani ya mji huo. Pua yake ni butu, urefu wake mita 2.36, uzito wa kiunzi chake kilo 35, tanga ni moja tu, na mtoto anaruhusiwa kushindana nayo mpaka mwaka anaotimiza miaka 15. Mama mkwe wangu alipoiona mara ya kwanza aliizunguka, akaigonga kwa kidole, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, na nusu yake ya pili inakuja lini?"

Huyu mama mkwe watoto wanamwita Bibi Bamvua, maana akija kututembelea nyumba hujaa mpaka kizingitini: nazi, kuku hai, mikeka, dumu la mafuta ya nazi, na habari za Mafia nzima. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi lililobeba boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji. Mama mkwe alikulia kwenye mchanga, katikati ya watu wa bahari, na hana haja ya ratiba ya maji ambayo klabu hubandika ukutani. Yeye hutazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mnamo saa nne asubuhi maji yamepwa kabisa, mashua zimekalia matope. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na saa nne hiyo hiyo bahari imejaa. Ndiyo maana wanaopanga mashindano ya watoto hupenda Jumapili za maji mafu. Sijaona mama mkwe na ratiba ya klabu wakitofautiana.

Yupo pia mdogo wake mke wangu, anayekaa kwetu mpaka apate kazi. Huyo ni Shemeji Kanuni. Hajawahi kupanda mashua ya mashindano, kwa kuwa bahari humtapisha, lakini amekisoma kitabu cha kanuni za mbio za matanga, ambacho shirika la dunia hukitoa upya kila baada ya miaka minne, akakihifadhi chote kichwani. Tatizo ni kwamba kanuni zimehamia koridoni. Majini, chombo kinachopokea upepo kwa ubavu wa kushoto hukipisha kinachoupokea kwa ubavu wa kulia. Kwa kuwa koridoni hakuna upepo, Shemeji aliamua kwamba anayetoka vyumbani ndiye wa kulia. Basi unatoka jikoni na sufuria ya uji wa moto, unasikia sauti kali, "Kulia!" na huna budi kujibana ukutani chini ya mlingoti. Ukimgusa mwenzako unazunguka mara mbili papo hapo, kama ilivyo baharini. Ukigusa kizingiti, ambacho kwa Shemeji ni boya, unazunguka mara moja. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka minne, anapenda kukaa katikati ya korido na vigari vyake, wala haondoki kwa kelele wala kwa pipi. Tumempa jina la Mwamba. Kanuni zinasema kwenye kikwazo chombo cha nje kikipe nafasi cha ndani, na Shemeji anazisimamia hata mimi nikiwa nimechelewa kazini.

Mke wangu ni Kamati. Klabuni ndiye anayeshika saa kwenye mashua ya waamuzi, na kazi hiyo ameileta nyumbani. Katika mbio, bendera ya onyo hupandishwa zikiwa zimebaki dakika tano; dakika nne, inapanda ya matayarisho, ya buluu yenye mraba mweupe katikati; dakika moja, hiyo inashushwa; kisha mbio zinaanza. Siku za shule na za mbio kwetu zinapandishwa khanga kwenye kamba ya kuanikia. Khanga nyekundu ikipanda, viatu viwe miguuni. Ya buluu ikishuka, mkoba mgongoni. Anayekimbilia getini kabla ya wakati ili awahi kiti cha mbele cha gari hupulizwa filimbi, akarudi nyuma ya mstari na kuanza upya. Sijachelewesha watoto shule tangu utaratibu huo uanze, na hilo lazima niliseme kwa haki yake.

Sasa sikia yaliyotupata Jumapili moja ya kusi.

Mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja unakotoka upepo. Inapiga bisho: inakwenda pembepembe, mara kulia, mara kushoto, mpaka ifike juu. Upepo huisukuma ubavuni, na kinachoizuia isiteleze ni kitu kilichozama majini. Jahazi la baba yake Bibi Bamvua lilikuwa na mkuku, umeshikana na chombo tangu kilipoundwa. Optimist haina. Ina ubao wa karibu mita moja, laini pande zote, unaoshushwa kupitia mwanya wa katikati na kutolewa mashua ikirudi mchangani. Pasipo ubao huo, siku ya kusi, mtoto akiachiwa kwenye Ghuba ya Msasani atakwenda ubavu ubavu kuelekea Kunduchi.

Ijumaa niliusugua ubao huo kwa msasa laini, nikaupaka vanishi, nikauacha uani juu ya matofali ukauke. Jumapili asubuhi, khanga nyekundu imeshapanda, Chiriku akatangaza kwamba matofali yapo, ubao haupo.

Tulitafuta. Kamati alipindua magodoro. Shemeji Kanuni alipendekeza tuigawe nyumba katika mistari, kila mtu na mstari wake, akaanza na mstari uliopita kwenye sahani ya mihogo. Mimi nilikwenda mpaka kwenye banda la kuku. Chiriku, kwa mara ya kwanza tukiwa nchi kavu, alinyamaza, na hilo lilituumiza kuliko kelele. Ni Mwamba aliyezungumza, bila kuinua macho kwenye vigari vyake: "Bibi kampa mama wa harusi."

Mama mkwe alikuwa anakuna nazi. "Upi? Ule wa chapati?"

Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wanaoza. Usiku wa Jumamosi walipungukiwa vibao vya kusukumia chapati, wakaja kuazima, na mama aliyekulia kwenye vyombo vya mkuku akaona uani ubao safi, mpana, umepigwa vanishi. Nani angemlaumu? Mimi sikuweza. Nilivaa kandambili nikatoka.

Pale nikaukuta ubao juu ya mapipa mawili, akina mama wawili wakisukuma kwa wakati mmoja, mmoja kila ncha, unga umetapakaa, samli inang'aa. Walikuwa wameusifia tangu alfajiri. Shangazi wa bi harusi aliniambia kwa heshima zote kwamba madonge yaliyobaki ni machache, nisubiri. Kusubiri kwenye nyumba ya harusi ni kukubali kazi. Nikapewa kubeba sufuria la pilau, kisha viti, kisha nikaambiwa nimwamkie mzee mmoja aliyeniuliza ukoo wangu tangu babu. Khanga ya buluu ilikuwa imeshapanda kwetu. Niliiona juu ya ukuta. Mwishowe Kamati mwenyewe akaja na filimbi yake shingoni, akaipuliza uani kwa watu, na ubao ukaachiwa pamoja na fungu la chapati za moto ndani ya gazeti.

Unadhani yaliishia hapo. Ndani ya gari Bibi Bamvua aliupitisha mkono kwenye ubao, akafurahi. Zamani, alisema, chombo hakikushushwa majini kikavu kikavu. Mbao za juu zilipakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini zikapakwa shahamu, mafuta na chokaa, ili mdudu asile mbao na maji yapite vizuri. Samli ile ni neema, tusiifute. Shemeji Kanuni akageuka kutoka kiti cha mbele. Kanuni ya hamsini na tatu, alisema, inakataza chombo kutoa kitu chochote majini cha kulainisha maji yanayokipita. Samli inaingia humo. Mama akamwambia kwamba babu yake hakuwahi kuona kitabu hicho na alifika alikotaka. Mwana akasema babu hakuwa kwenye mbio. Walibishana mpaka klabuni, Mwamba akila chapati katikati yao. Kamati aliamua: ubao uoshwe. Nikauosha kwenye bomba la klabu kwa sabuni ya vyombo, mara mbili, Shemeji akipitisha kidole kuhakikisha.

Kusi siku hiyo ilikuwa imara, mawimbi mafupi yenye povu. Chiriku aliwahi mstari kwa sekunde chache tu baada ya honi, akaenda upande wa kulia wa uwanja ambako wengine hawakwenda, na karibu na boya la kwanza akakutana na mvulana mkubwa aliyekuwa anapokea upepo kwa kushoto. "Kulia!" Ilikuwa sauti ile ile ya koridoni. Mvulana alichelewa kumpisha, wakagusana, akazunguka mara mbili kama inavyotakiwa. Nilimtazama binti yangu akiegemea nje ya mashua, miguu chini ya mkanda, maji yakimpiga usoni, anafuta kwa kiwiko na kuendelea, na sijui kama nilipumua.

Ndipo Bibi Bamvua akaingia maji mpaka magotini, akapaza sauti iliyowahi kuita majahazi: "Legeza demani! Legeza, mwanangu!" Shemeji Kanuni alimkimbilia akiwa na viatu. Msaada wa nje hauruhusiwi, mama, wataiondoa mashua yake. Naye, bila kumtazama, akajibu, "Sauti yangu si msaada. Ni dua." Bahati nzuri upepo ulikuwa unatoka upande wa majini, na dua ile ikarudi nchi kavu.

Chiriku alimaliza wa nne. Katika mbio hizi wa kwanza hupata pointi moja, wa pili mbili, na kuendelea hivyo. Mwenye pointi chache mwisho wa msimu ndiye bingwa. Mama mkwe hakuikubali hesabu hiyo hata kidogo. Jioni aliwaambia watu wa harusi kwamba mjukuu wake alipata pointi nne na yule mtoto aliyetangulia alipata moja tu, maskini. Zikapigwa vigelegele. Kanuni alipotaka kumsahihisha nilimkanyaga mguu.

Siku hizi baada ya isha bibi na mjukuu hukaa barazani. Bibi humfundisha Chiriku kuusoma mwezi, kufunga kamba isiyojifungua na kuutambua upepo kwa ngozi ya shavu. Chiriku humfundisha bibi bendera. Mimi napita koridoni nikiwa nimeinama. Inaniuma kwamba katika mji huu wetu kuna watoto chungu nzima wanaoisikia bahari kila usiku na hawajawahi hata kuikalia ndani ya ngalawa, ilhali babu zao waliijua kama bibi huyu anavyoijua. Mashua ndogo za kuazima zipo, na walimu wapo.

Basi mwenzangu, Jumapili ya maji mafu ya mwezi ujao tutakuwa ufukweni kabla ya saa nne. Mtoto wako kwanza ajue kuogelea. Jaketi okozi atapewa. Mlete.