Tondozi ya Mheshimiwa Duara

Malenga wetu wamesifu majahazi, minazi, mabinti wa Lamu na mwendo wao wa madaha. Wametunga tondozi za ng'ombe na za mashujaa, na siku hizi, kwa malipo ya wastani, wanatunga za wagombea ubunge. Sijaona hata mmoja aliyemkumbuka mtumishi anayetuhudumia kila siku bila mshahara wala likizo: kile kiduara kinachozunguka katikati ya skrini wakati ukurasa umegoma kufunguka. Nimesimama leo kumlipa anachotudai. Wenye faiba majumbani mwao wana ruhusa ya kutoka nje. Hawajawahi kukaa naye faragha wakamjua.

Mheshimiwa hasifiwi kabla hajatajiwa babu zake. Babu wa Duara alizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ndani ya kivinjari kilichoitwa Mosaic. Alikuwa tufe la dunia kwenye kona ya juu ya dirisha: ukiomba ukurasa, dunia inazunguka. Mwaka uliofuata ikaja Netscape na herufi yake N, ambayo baadaye ilipewa mvua ya vimondo ili mtu asubiri huku akitazama anga. Tangu hapo ukoo umevuliwa mapambo kizazi baada ya kizazi, hadi amebaki mstari mwembamba uliopinda. Mimi nauona ufukara huo kuwa wa kiungwana, kwa sababu Duara haahidi kitu. Mlinganishe na binamu yake, ule mstari unaojaza asilimia, unaokwenda mbio hadi 99 kisha unaketi hapo kama mdaiwa aliyeingia msikitini. Duara hajawahi kumwambia mtu kwamba amekaribia kumaliza.

Ana huruma pia. Chukua siku ya matokeo ya mtihani wa taifa. Nchi nzima imekimbilia anwani moja, seva imezidiwa, na sebuleni familia imeizingira simu moja yenye kioo kilichopasuka. Duara anazunguka. Muda wote anaozunguka, mtoto hajafeli. Baba bado ana daktari, mama bado ana mhandisi, na shangazi wa Morogoro ameshaahidi kununua begi. Ukurasa ukifunguka, sote tunajua kitakachotokea kwa shangazi.

Amewaokoa pia wenye mikeka ya kubashiri mpira. Ni vijana wangapi waliopata timu ya uhakika dakika za mwisho, wakataka kuweka mkeka, Duara akawakalia hadi mpira ukaanza, na hela ya kodi ikabaki mfukoni? Hawakumshukuru, walimtukania mama. Na huko maofisini, nani mwingine aliyewahi kutoa udhuru usiojibika? Karani akisema "mtandao unasumbua", mjadala umekwisha. Ukimtilia shaka anageuza skrini kidogo, unamwona Duara kwa macho yako, mnamtazama wote wawili kwa heshima, kisha wewe unarudi kesho.

Lakini hizo ni fadhila za rejareja. Duara hasa ni mwalimu. Ukurasa unaofunguka papo hapo haufundishi kitu. Ni pale unapokwama ndipo mtu anapojiuliza huko nyuma kuna nini. Somo la kwanza ni la kutenganisha. Umekwama ukurasa mmoja, au zote? Ikiwa ni mmoja, yaelekea tatizo ni la wenyewe, nawe huna la kufanya zaidi ya kuketi. Zikiwa zote, chukua simu ya jirani uijaribu kwenye waifai ileile. Ikifungua vizuri, mgonjwa ni kifaa chako. Ikikwama nayo, geukia ruta au laini. Halafu badilisha kivinjari. Anayefuata mpangilio huu, akibadili jambo moja kwa wakati mmoja, ameshapata mbinu ya utafiti ambayo wengine wanailipia ada ya shahada ya pili.

Kisha unaingizwa kwenye dirisha la faragha. Wengi hulifahamu dirisha hilo kwa sababu zisizosimulika mbele ya wazazi, lakini Duara amelipa kazi ya heshima. Kwa kawaida viendelezi vya kivinjari havifanyi kazi mle ndani mpaka uviruhusu, kwa hiyo ukurasa ukikimbia faraghani na kukokota nje, mshukiwa wa kwanza ni kiendelezi. Hapo ndipo mtu anafungua orodha yake na kukuta kimoja cha kutafsiri, kimoja cha kutafuta kuponi za maduka yasiyoleta bidhaa Tanzania, na kingine ambacho hakuna anayejua kiliingiaje.

Niwataje pia makuhani wake, mafundi wa mtaani, ambao wana dawa moja kwa kila ugonjwa: futa kashe. Kashe ni ghala ambamo kivinjari kinaweka picha na vipande vya kurasa ulizokwisha kuzitembelea, visije vikavutwa upya. Ukiifuta, safari inayofuata kila kitu kinavutwa tena, kwa bando lako. Kuna siku dawa hiyo inafaa, pale nakala iliyohifadhiwa ikiwa imeharibika au imepitwa na wakati. Kuifuta kila asubuhi, hata hivyo, ni kumwalika Duara kifungua kinywa.

Wanafunzi wa juu wanatiwa jandoni kwa kubonyeza F12. Kwenye kompyuta, ukiwa na Chrome, Edge au Firefox, inafunguka paneli ya watengenezaji, na ndani yake sehemu ya mtandao inayoorodhesha kila kitu ambacho ukurasa umekiomba, kila kimoja na mstari wake wa muda. Hapo Duara anavua kanzu. Mstari ukirefuka kwenye kutafuta jina, shida iko kwenye DNS, ule mfumo wa kugeuza majina kuwa namba alioubuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Unaweza kuhamia 8.8.8.8 ya Google, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyozinduliwa tarehe 1 Aprili 2018, siku ambayo mwenye akili haamini tangazo lolote. Ukirefuka kwenye kusubiri baiti ya kwanza, mara nyingi seva yao ndiyo inayojikongoja. Ukirefuka kwenye kupakua, ama faili ni kubwa ama laini yako ni nyembamba. Na mistari yote ikiwa mifupi huku ukurasa umeganda, usitafute mchawi mbali: kompyuta yako yenyewe imelemewa na JavaScript, au umefungua vichupo hadi RAM imejaa na mashine inahamishia mizigo kwenye diski. Kwenye hali hiyo kununua bando kubwa zaidi hakusaidii chochote, ingawa muuza bando hatakwambia.

Jiografia nayo imo kwenye mtaala. Kabla ya 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa imeunganishwa na dunia kwa mkongo wa faiba chini ya bahari. Maombi yetu yalipanda hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, yakashuka, kisha jibu likapanda na kushuka vilevile. Karibu nusu sekunde inakwisha angani kabla mtu hajafanya kosa lolote. Hiyo ndiyo ilikuwa enzi ya dhahabu ya Duara, enzi ya intaneti kafe za kulipia kwa dakika, ambapo mtu alinunua nusu saa na sehemu kubwa ya nusu saa hiyo akaitumia kumtazama yeye. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, mwaka huohuo TEAMS ikaunganisha Mombasa na Fujairah, na EASSy ikafuata 2010. Watu wakashangilia. Waliodhani Duara amestaafu hawakuijua bahari. Februari 2012 meli iliyotia nanga karibu na bandari ya Mombasa iliukata mkongo wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipata hitilafu kwa pamoja, na kutoka Dar es Salaam hadi Kampala Mheshimiwa akarudi kwenye kiti chake bila uchaguzi.

Hata mkongo ukiwa mzima, mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, wala hauongezi mwendo eti kwa kuwa bosi ana haraka. Seva ikiwa Ulaya, tuseme kilomita 10,000 za waya, kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde kwa uchache. Utasema ni kidogo. Lakini kivinjari na seva husalimiana kama wazee wa Pwani: hodi, karibu, nimekaribia; ndipo zije habari za usalama, cheti chako kiko wapi na tutumie siri gani; ndipo ukurasa uombwe. Hatua karibu zote hizo ni safari nzima ya kwenda na kurudi. Mwaka 2018 wahandisi walipitisha TLS 1.3, ambayo inapunguza salamu za usalama kutoka safari mbili hadi moja. Wanaita maendeleo. Nyumbani kwetu mtoto anayefupisha salamu hivyo huitwa na kuambiwa arudie.

Sasa nifike kwenye fadhila ambayo ningempa nishani. Kwenye mtandao mzima, Duara ni miongoni mwa wachache wanaosema kweli kuhusu uzito wa mzigo. Ukurasa wa kwanza wa wavuti, ule alioutengeneza Tim Berners-Lee huko CERN, ulikuwa maandishi na viungo basi. Kompyuta iliyoongoza chombo cha Apollo kutua mwezini mwaka 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya kudumu ya KB 72 hivi. Ukurasa wa kawaida wa leo unazidi MB 2, wakati mwingine kwa ajili ya habari ya aya sita kuhusu mwanamuziki aliyeachana na mkewe. F12 inaonyesha zilikokwenda: picha zilizopigwa kwa ukubwa wa bango la barabarani na kubanwa ziingie kwenye skrini ya kiganjani, fonti, matangazo, video inayojicheza bila kuitwa, na wapelelezi wa makampuni usiyoyajua wakiandikiana kuhusu wewe. Habari yenyewe uliyoijia ni KB chache.

Ukurasa wa haraka unakuficha yote hayo. Unapitisha mizigo ya watu wengine kwenye bando lako, na kwa kuwa hukuona ikipita, hukuuliza. Duara anakulazimisha uione foleni. Na nimesema bando kwa makusudi: mwenye faiba isiyopimwa anapoteza sekunde, mwenye bando la siku anapoteza hela, na waliojaza ukurasa ule hawakumwuliza hata mmoja wao. Ilipokuja Opera Mini mwaka 2006, kurasa zikawa zinabanwa kwenye seva za mbali kabla ya kufika kwenye simu ya vitufe, na vijana wengi wa Afrika Mashariki waliuona mtandao kwa mara ya kwanza humo. Sikumbuki msomaji aliyelia kwamba amenyimwa matangazo yake. Mzigo mwingi ungeweza kuachwa njiani tangu zamani. Walioupakia ndio wenye kuuhitaji. Hapo, nakiri, sifa za Duara zinaanza kufanana na mashtaka dhidi ya matajiri wake, lakini mtumishi mwema hahesabiwi dhambi za mwajiri.

Maadui wake wana kitabu chao. Mwaka 1993 Mdenmark Jakob Nielsen aliandika kwamba jibu la sehemu ya kumi ya sekunde mtu huliona limekuja papo hapo, la sekunde 1 halijakatiza fikra, na likifika sekunde 10 mtumiaji ameshaanza kuwaza mengine. Kwetu sekunde 10 ni muda wa kukohoa. Yule anayeitwa mtumiaji aliyehama mawazo, mimi nimemwona: amegeuza chapati, amemjibu mtoto, amemsalimia jirani aliyekuwa hajamsalimia tangu faiba ifike mtaani. Makampuni yamemwaga mabilioni ili mtu huyo asipate nafasi ya kuinua kichwa. Duara humpa nafasi hiyo bure.

Ila naye ni kiumbe, na hufa. Laini ikikatika kabisa, Chrome humwondoa na kumsimika mrithi, yule T-Rex mdogo wa kijivu aliyeingia mwaka 2014. Ukibonyeza kitufe cha nafasi anaanza kukimbia na kuruka madungusi, wala hali bando. Nampongeza kwa uteuzi, lakini mtu wa Lindi angependekeza mwingine. Mjusi wa Tendaguru, dinosaria wa kweli, alichimbwa huko kati ya 1909 na 1913, akapelekwa Berlin, na hadi leo amesimama kwenye jumba la makumbusho, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Suala la kumrudisha limefika hadi bungeni. Ombi bado linalodi.