Mwenye Kanga Awe Mgeni wa Kwanza: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,



Kwa heshima na taadhima inayostahiki cheo chako, naomba uniruhusu nikuandikie hadharani. Najua meza yako haikosi majalada, na wanaobisha hodi mlangoni kwako ni wengi: wa mahoteli, wa fukwe, wa viwanja vya ndege. Nisingethubutu kukuongezea mzigo lau jambo hili lingekuwa chini ya mamlaka ya mtu mwingine. Limo mikononi mwako, nami nina imani kuwa humo limo salama. Nimekuja kuziombea nguo zetu.

Ombi langu ni moja, nalitanguliza nisije nikakupotezea wakati. Siku jumba la Beit el Ajaib litakapofungua tena milango yake, tunaomba ndani yake pawe na ukumbi wa kudumu wa nguo na kazi za nyuzi za Zanzibar, na ukumbi huo utayarishwe pamoja na wanawake wanaozivaa nguo hizo na kuzifanya kazi hizo. Wao wawe washauri wa mwanzo, na wao wawe wageni wa mwanzo.

Jumba hilo, Mheshimiwa, unalijua kuliko mimi. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 haikuliangusha. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Sisi tuliokuwa tukiingia humo lilipokuwa makumbusho tunaukumbuka mtepe uliowekwa ukumbi wa chini, chombo kilichoundwa kwa namna ya mababu, mbao zimeshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Mitepe ya kale ilisafiri kwa tanga la mkeka. Yaani bahari hii ilivukwa kwa kushona na kusuka, na makumbusho yetu yalikuwa tayari na kazi ya nyuzi iliyo kubwa kuliko pazia lolote.

Ila nakumbuka pia kwamba watoto wa skuli waliouzunguka mtepe ule waliondoka wakidhani kamba zile ni mambo yaliyokwisha. Kumbe Paje na Jambiani kina mama bado wanafukia makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani, maji yanajaa na kupwa juu yake kwa miezi, kisha wanayafukua, wanayaponda, wanayachambua usumba na kuusokota kamba. Lau mmoja wao angekuwa amekaa pembeni ya chombo kile akisokota, watoto wangeelewa kwa dakika chache kile ambacho maandishi ya ukutani hayakuweza kuwaambia. Hilo, Mheshimiwa, ndilo shina la barua hii: maonyesho ya nguo na nyuzi yanakamilika pale tu mkono ulioifanya kazi na mwili ulioivaa vinapokuwa na nafasi mle ndani.

Naomba nisieleweke kuwa nadai jambo geni. Kumbi kubwa za dunia siku hizi zinaipa nguo heshima iliyokuwa ya michoro na masanamu peke yake. Mwaka 2023 ukumbi mkuu wa Tate Modern, London, ulitundikwa mapazia ya Mghana El Anatsui, maelfu ya vifuniko vya chupa vilivyounganishwa kwa nyaya za shaba, pazia moja likiwa limetanda mithili ya tanga la jahazi. Mwaka 2022 jirani zetu wa Uganda walikwenda Venice na banda la taifa kwa mara ya kwanza, na Acaye Kerunen akapeleka kazi zilizotoka katika mikono ya wanawake wasusi, nyuzi za migomba na majani yaliyosukwa. Majaji wakalitaja banda hilo kwa heshima ya pekee. Waganda hao hao, kwa nguo zao za magome ya mti wa mutuba, wamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2008. Hawakuzua kitu kipya. Walichukua kilichokuwa nyumbani, wakakisimamisha mahali pa heshima.

Na kanga yetu imekwishafika huko kabla yetu. Mwaka 2013 British Museum, chini ya usimamizi wa Chris Spring, ilifanya maonyesho ya nguo za Afrika za leo, na kanga ikawekwa pamoja na capulana ya Msumbiji na shweshwe ya Afrika Kusini. Nashukuru kwa kila ukumbi unaoipokea kanga kwa heshima hiyo.

Lakini nimewahi pia kusimama mbele ya kanga, katika maonyesho ya nchi ya mbali ambayo kwa adabu sitayataja, nikaondoka na uchungu. Ilitundikwa upande mmoja tu, wa pili haupo. Pindo la chini lilikunjwa nyuma ya ubao, na jina likakunjwa pamoja nalo, halisomeki. Kibandiko kilisema ni pamba, ni Afrika ya Mashariki, ni karne ya 20, basi. Hakuna aliyeandika nani aliinunua, nani alizawadiwa, ilivaliwa harusi gani, na yule aliyekuwa akipita nyuma ya mvaaji alikusudiwa asome nini. Wewe, Mheshimiwa, umelelewa katika nyumba zenye kanga, unajua kuwa doti ina pande mbili kwa sababu mwili unazihitaji zote mbili: mmoja kiunoni, mmoja begani au kichwani. Unajua kuwa jina hukaa nyuma, chini ya mji, yaani ile sehemu ya katikati, ili lisomwe na anayefuata. Kanga isiyo na mvaaji ni kama barua iliyofutwa jina la aliyeipeleka na la aliyepelekewa. Karatasi ipo, habari haipo.

Naomba radhi nikirudia historia unayoijua, maana ndiyo inayonipa ujasiri wa kuomba. Baada ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba, wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki na merikani, nguo zilizokuwa zikiwatambulisha kuwa mali ya wengine, wakavaa kanga za rangi walizozichagua wenyewe. Watu hao hawakuachiwa magazeti wala viti vya baraza. Kauli yao ya uhuru waliivaa. Nchi iliyo na historia ya namna hiyo katika nguo yake haistahili kuiona kanga katika maduka ya zawadi peke yake. Inastahili kuikuta kwenye ukumbi wa taifa, imewekwa baada ya kaniki na merikani, ili mtoto aone kwa macho hatua ile ilikuwa kubwa kiasi gani.

Tatizo ni kwamba kanga haikai, Mheshimiwa. Ikiwa mpya inatolewa harusini na Sikukuu. Ikizoeleka inavaliwa jikoni. Ikichujuka inakuwa shuka ya mtoto na mbeleko. Mwisho wake inapigiwa deki. Hiyo ni sifa yake, si aibu, lakini ndiyo sababu kanga za miaka ya bibi zetu ni chache sana visiwani. Zilizobaki zimo makashani, zimefukizwa udi, na kila mazishi ya bibi mmoja kasha linafunguliwa na nguo zinagawanywa bila mtu kuuliza kila moja ilikuwa ya siku gani. Huko kwingine vielelezo vimetunzwa vizuri. Kiwanda cha Vlisco, Helmond, Uholanzi, kilichapa kanga za soko letu kwa miongo mingi na kina hifadhi ya michoro yake. Barua yenye muhuri wa wizara yako ikiomba picha za michoro hiyo ingesikilizwa. Barua ya mwananchi kama mimi haiendi mbali.

Kwa unyenyekevu, naomba niseme ukumbi huo ungefanyaje kazi, nikiwaachia wataalamu wako kunisahihisha.

Kwanza, kanga iwekwe doti nzima, pindo, mji na jina vyote vionekane. Kibandiko kitaje mwenyewe, kijiji chake, mwaka anaoukumbuka na sababu ya kuinunua, kwa maneno yake. Chapa ndogo ya mfanyabiashara iliyo pembezoni, kama ile ya Mali ya Abdulla ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, iandikwe pia, kwani husaidia kujua kanga imepitia mikono ya nani.

Pili, nguo zilindwe. Mwanga ndio adui wa kwanza wa rangi. Makumbusho mengi hayaruhusu nguo zimulikwe zaidi ya luksi 50, na nguo hushushwa baada ya miezi kadhaa ili nyingine zipande. Nguo kongwe huzungushwa kwenye bomba badala ya kukunjwa, kwa kuwa uzi hukatikia kwenye mkunjo. Upepo wetu wa bahari una unyevu na chumvi, na madirisha ya jumba lile yanatazama maji. Naomba hilo lifikiriwe sasa, wakati mafundi bado wanapanga vyumba, lisije likakumbukwa baada ya rangi ya kisutu cha harusi cha bibi wa mtu kufifia.

Tatu, pawe na meza ya kugusa. Nguo isiyoguswa haijulikani. Doti mpya kutoka maduka ya Mchangani, kipande cha kaniki, ukili uliotiwa rangi, kamba ya usumba na kofia iliyoshonwa kwa mkono viwekwe mahali ambapo mtoto, na mtu asiyeona, wataruhusiwa kuvishika. Kofia peke yake inatosha kumfundisha mtu subira: vitundu vyake vidogo vinazungushiwa uzi kimoja kimoja, na aliyeishona hukaa nayo kwa wiki nyingi.

Nne, na hapa ndipo nakuomba sana, wasusi wa mikeka, wasokotaji wa kamba na washonaji wa kofia walipwe kama walimu. Wengi wao huitwa siku za wageni wakubwa, wakapigwa picha, wakarudi kwao na soda. Kazi zao zina hatua, zina majina, zina makosa ya kuepuka na ustadi wa kurithisha. Anayeyajua hayo ni mkufunzi, na mkufunzi ana posho yake.

Tano, mwananchi awekewe siku ya kuingia bila kiingilio, na gari liende shamba kuwachukua kina mama. Mtu wa Makunduchi anayevaa doti mpya kila sherehe ya Mwaka Kogwa ana mengi ya kuwaambia watunzaji kuhusu kanga za sare, nani alichagua, nani alikataa, na jina lile lilimlenga nani. Akiingia ukumbini kama mgeni mwenye hadhi atazitambua nguo, ataongeza habari, atasahihisha kibandiko. Mtalii tunampenda na tunamkaribisha, na yeye mwenyewe atafaidika zaidi akimkuta mwenye kanga pale pale.

Mheshimiwa, najua ujenzi una gharama na subira yake, wala sikuombi uharakishe mafundi juu ya jengo lililokwishachukua roho za watu. Liko jambo moja linaloweza kuanza kabla zege halijakauka, na halihitaji zaidi ya kamera, kinasa sauti na vijana wachache waliofunzwa. Wapite nyumba kwa nyumba, Unguja na Pemba, wawaombe bibi zetu wafungue makasha. Nguo ibaki kwa mwenyewe. Ipigwe picha, isomwe jina, na habari yake irekodiwe kwa sauti yake. Atakayetaka kuitoa kwa makumbusho aitoe kwa maandishi na jina lake lihifadhiwe. Ukumbi ukishakuwa tayari, vibandiko vitakuwa vimeshaandikwa na wenye nguo. Bibi hawatungojei, na hilo ndilo linalonifanya niandike leo badala ya kusubiri uzinduzi.

Nakuomba radhi kwa urefu wa maneno yangu na kwa kila palipopungua adabu.  Na Mwenyezi Mungu akijaalia ukumbi huo ukakamilika katika uongozi wako, nina ombi dogo la mwisho: kadi za mwaliko wa ufunguzi zipelekwe kwanza Paje, Jambiani, Makunduchi na vijiji vya Pemba, na baada ya hapo ndipo zipelekwe kwa mabalozi na wenye mahoteli.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi, mwananchi wako mtiifu,
mpenzi wa nguo na kazi za mikono, Unguja.